Ukatili wa Majumbani na Fedha za Mashirika: Mijadala Miwili Isiyokutana Bungeni

Tanzania haina sheria moja mahususi ya ukatili wa majumbani. Ulinzi wa mwanamke anayepigwa na mumewe umetawanyika katika sheria zilizotungwa nyakati tofauti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kifungu hicho hakikuweka adhabu, kwa hiyo anayetaka mkosaji ashtakiwe hurudi kwenye Kanuni ya Adhabu, kwenye makosa ya shambulio na kujeruhi, yaleyale yanayowahusu watu wawili waliogombana kilabuni. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyopiganiwa kwa miaka na wanaharakati, chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kikiwa mstari wa mbele, ilikaza adhabu za ubakaji. Hata hivyo, mume hushtakiwa kwa kumbaka mkewe pale tu wanapokuwa wametengana.

Pengo kubwa zaidi ni amri ya ulinzi. Uganda ilitunga sheria ya ukatili wa majumbani mwaka 2010 na kuzipa mahakama za mabaraza ya mitaa, zile za LC, nafasi ya kusikiliza malalamiko. Kenya ilifuata mwaka 2015: mahakama inaweza kumwamuru mkosaji atoke ndani ya nyumba na asimkaribie mlalamikaji, na polisi wana wajibu wa kumsaidia aliyedhurika afike mahali salama. Tanzania Bara, anayetoka nyumbani ni yule aliyepigwa, aghalabu na watoto mgongoni na mkononi, na jambo la kwanza linalomkabili ni mahali pa kulala usiku huo.

Kata ya Dindira, wilayani Korogwe, inaonyesha uzito wa jambo hilo. Iko juu katika Milima ya Usambara Magharibi, kwenye ukanda wa mashamba ya chai. Mwanamke aliyepigwa katika vijiji vya milimani namna hiyo huanzia kwa ndugu, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji. Ngazi hizo kazi yake kubwa ni kusuluhisha, na mara nyingi usuluhishi humrudisha alikotoka. Akitaka zaidi ya hapo, safari ni ya kushuka kuelekea Korogwe mjini, iliko Hospitali ya Magunga, na wakati wa masika barabara za mlimani huwa utelezi mtupu. Polisi humpa fomu ya PF3. Wao hujaza sehemu yao, na mganga huandika majeraha yako wapi, yana ukubwa gani, na kitu gani kinaweza kuwa kimeyasababisha. Mwenye nauli siku hiyohiyo hufika na jicho lililovimba. Aliyeipata baada ya wiki mbili hufika na alama zilizokwisha kufifia, na mganga hawezi kuandika asichokiona. Kesi inaweza kupotea hapo, kabla hakimu hajaisikia.

Nauli hiyo, kitanda cha siku chache na mtu wa kumsindikiza havina kifungu cha sheria kinachovilipia, na sehemu kubwa ya mzigo huo imebebwa na mashirika ya kiraia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria walioko vijijini, hatua ya maana kabisa, lakini wengi wao wamefanya kazi kwa ruzuku kupitia taasisi kama LSF, mfuko wa huduma za kisheria ulioanzishwa mwaka 2011 kwa msaada wa Denmark. Mkoani Mara, nyumba salama zinazowapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji na wanawake wanaokimbia kipigo zinaendeshwa na mashirika.

Bunge lilipozungumzia fedha za mashirika hayo, hoja ilikuwa udhibiti. Kanuni za mwaka 2018 zilitaka shirika linalopokea zaidi ya Shilingi milioni 20 liwasilishe mkataba wake Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo ndani ya siku 10 baada ya kuusaini. Juni 2019 ukaja muswada wa marekebisho ya sheria nane kwa mpigo, ukichanganya mashirika, filamu, takwimu na uwakala wa meli. Uliletwa kwa hati ya dharura na kupitishwa tarehe 27 mwezi huohuo. Serikali ilisisitiza uwazi, na hoja hiyo ni ya haki: anayeomba fedha kwa jina la wanawake waliopigwa anapaswa kuonyesha zilikokwenda. Lakini siku chache hazikutosha kuuliza ni huduma gani zinategemea fedha hizo, wala namna nyumba salama itakavyotangaza hesabu zake bila kutangaza mahali ilipo.

Upande wa kodi umebaki nyuma pia. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mfanyabiashara anayechangia taasisi ya hisani kupunguziwa mchango huo katika hesabu ya kodi, usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Hisani yenyewe imefungwa katika maeneo kama kupunguza umaskini na dhiki, elimu, afya, maji na barabara. Makazi ya dharura kwa waathirika wa ukatili hayakutajwa kwa jina, na shirika linapaswa kujenga hoja kwamba yamo.

Udhaifu wa kutegemea fedha za nje ulionekana Januari 2025, Rais wa Marekani aliposimamisha misaada ya kigeni. Kufikia Julai shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilikuwa limefungwa rasmi. Wakati huohuo tatizo lenyewe bado ni kubwa: utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofika umri wa miaka 15. Utafiti wa 2015/16 ulikuwa umeonyesha asilimia 40. Nguvu iliyoleta nafuu hiyo haifai kukatwa katikati.

Kenya imeonyesha njia mojawapo ya kuunganisha mambo haya. Sheria yake ya kuwalinda waathirika wa uhalifu ya mwaka 2014 iliunda mfuko maalumu, na fedha zitakazotengwa na Bunge ni miongoni mwa vyanzo vyake. Tanzania inaweza kwenda mbali zaidi katika muswada mmoja: amri ya ulinzi itolewe na Mahakama ya Mwanzo, iliyo karibu zaidi na wananchi, makazi ya dharura yaingizwe katika tafsiri ya hisani, na kila halmashauri iwe na kasma ya nauli na malazi ya mlalamikaji, inayoweza kutolewa siku ileile kwa idhini ya ofisa ustawi wa jamii.