Mguu wa Bandia Sharti Uujue Mkeka

Wahenga walinena, hujafa hujaumbika. Atokaye nyumbani kwa miguu miwili huweza kurudi na mmoja, iwe kwa ajali ya barabarani au kwa donda la kisukari lililokataa kupona. Jeraha likishapoa, mtu huyo arudishiwe nini?

Jambo hili si geni katika dini yetu. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea habari za Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua yake katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Alijifanyia pua ya fedha, ikawa yatoa harufu mbaya, ndipo Mtume (s.a.w.) akamwamuru afanye ya dhahabu. Msomaji ajua kuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume, lakini hapa haja ya mja ilitangulizwa.

Sasa tuitazame miguu. Kwa miaka mingi, mingi ya miguu ya bandia iliyotoka Ulaya na Marekani ilifanyiwa mtu avaaye viatu na kuketi kitini. Kifundo chake hakikunjiki. Aliyeuvaa hakuweza kuchutama wala kukunja miguu mkekani, na akivua kiatu mlangoni mwa msikiti, hubaki na kigogo.

Huko Jaipur, India, kasoro hii iliwasumbua watu wawili katika hospitali ya Sawai Man Singh: daktari wa mifupa P. K. Sethi, na Ram Chandra Sharma, fundi wa kazi za mikono asiye na elimu kubwa ya shule. Waliwaona wagonjwa wakiitupa miguu waliyopewa na kurudia magongo. Mwaka 1968 wakatoa unyayo wa mpira uliopikwa katika kalibu, ndani yake mbao na mpira laini, wenye vidole na rangi ya ngozi, nao wapinda huku na huku. Mvaaji huweza kwenda pekupeku, kuchutama na kuingia shamba la maji. Mwaka 1975 D. R. Mehta aliunda chama cha hisani cha BMVSS, kinachoitoa miguu hiyo bila malipo. Mwaka 1981 Sethi alipata tuzo ya Ramon Magsaysay.

Hata hivyo, mguu wa bandia si kanzu ya kununua dukani. Kigutu hunywea miezi ya mwanzo, mguu ukalegea na kuchubua ngozi. Mtoto naye hukua, ukawa haumfai. Fundi ni wa kurudiwa tena na tena. Mwenye kisukari akikague kigutu na mguu uliobaki kila siku, maana huenda kidonda asikihisi.

Basi jamaa yetu aendapo kupimwa, asione haya kumweleza fundi maisha yake: kwamba hukaa chini, huingia mashuani, huswali mara tano. Asiyeweza kusujudu sheria imemruhusu aswali ameketi, na sala yake ni sahihi. Lakini ruhusa hiyo ni ya asiyeweza. Awezaye kurudishiwa sijida yake asiikose kwa sababu tu fundi hakuambiwa.