Je, Wajua? Waifai ya bure pale Feri

Simu haimtambui mwenye waifai. Kwenye mtandao wa wazi, usio na nywila, kwa kawaida hutambua jina la mtandao tu. Pale Feri, Dar es Salaam, mtu aliye kwenye foleni ya pantoni ya Kigamboni, au pembeni ya mnada wa samaki, anaweza kurusha waifai yenye jina la mtandao wa wazi uliowahi kuutumia, na simu yako ikajiunga yenyewe bila kukuuliza, naye akanasa mawasiliano yako. Alama ya kufuli, kwenye vivinjari vinavyoionyesha, humaanisha unachoandika kimefichwa, lakini mara nyingi jina la tovuti unayoifungua halifichwi. Kunasa mawasiliano ya mtu namna hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. M-Pesa ya kubonyeza *150*00# kwa kawaida hupita kwenye mtandao wa simu, si waifai. Ukiwa Feri, tumia njia hiyo, na waifai izime.