Maji Matakatifu, Tope la Kawaida
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulishuka ngazi za visima vya Gujarat, nchi ya mababu wa wengi kati ya Wahindu walioifuata reli ya kati hadi Dodoma, Tabora na Kigoma. Leo tunateremka kusini mwa India, kwenye mabwawa ya kuogea ya mahekalu, tukiwa na swali la mtu wa Ugogo: bwawa la nchi ya mvua za msimu hudumuje karne na karne, ilhali malambo yetu hujaa tope hata kabla waliochimba hawajazeeka?

Kwanza umbo lake. Watamil huliita kulam, watu wa Karnataka huliita kalyani. Ni shimo la mraba au mstatili lililojengewa mawe pande zote nne, nayo mawe yamepangwa ngazi kwa ngazi mpaka chini, ili muumini ayafikie maji yawe mengi au yamepungua. Hushuka, akanawa miguu na uso au akazama mwili mzima, ndipo aingie hekaluni. Aliyewahi kuona birika la msikiti wa kale kule Kilwa hatashangaa, ila atashangazwa na ukubwa: bwawa la Madurai, lililochimbwa katika karne ya 17 zama za mfalme Thirumalai Nayak, kila upande wake unakaribia mita 300. Katikati pana kisiwa chenye kihekalu, na mara moja kwa mwaka sanamu za miungu huzungushwa humo juu ya chelezo lililopambwa kwa taa.

Maji ya Madurai hutoka Mto Vaigai kwa mifereji ya chini kwa chini. Mabwawa mengi mengine hutegemea mvua inayoteremka kutoka kwenye mapaa, nyua na mitaa ya jirani. Ndiyo maana mtunzaji mwenye akili huanza kazi yake mbali na bwawa lenyewe: anatazama mfereji. Mtu akijenga duka juu yake, au manispaa ikimwaga lami bila kuacha njia ya maji, bwawa litakauka hata mwaka wa mvua nyingi. Yaliwapata wa Mylapore, mjini Chennai, penye hekalu la Kapaleeshwarar. Mji ulikua, visima vikanyonya maji ya ardhini, bwawa likabaki uwanja mkavu. Lilirudishiwa uhai kwa kazi zisizo na uchawi wowote: sakafu ikapakwa udongo wa mfinyanzi ili maji yasizame upesi, na mvua ya mitaani ikaelekezwa ndani. Mwaka 2003 jimbo la Tamil Nadu likalazimisha kila jengo livune maji ya mvua.

Adui wa pili ni ibada yenyewe, na hapa waumini wengine hukasirika wakiambiwa. Maua, mafuta, unga, bisi za mchele wanazorushiwa samaki, sabuni za waogaji: vyote hivyo ni chakula cha mwani. Mchana mwani hutoa oksijeni, usiku huitumia, tena ukifa na kuoza huila iliyobaki. Basi alfajiri samaki huelea matumbo juu, watu wakadhani bwawa limetiwa sumu. Sanamu za mungu Ganesha zinazozamishwa baada ya sikukuu yake nazo zina mambo yake. Zile za udongo wa mfinyanzi huyeyuka. Za plasta hukaa, na rangi zake huchafua maji. Mji wa Bengaluru umetenga mabwawa maalumu ya kuzamishia, na mwaka 2020 mamlaka ya India ya kudhibiti uchafuzi ilitoa mwongozo wa kukataza plasta.

Lakini kazi kuu ni tope, nayo haina njia ya mkato: maji yatolewe, watu washuke na majembe na makarai. Zamani wakulima walilichukua kwa furaha wakalimwaga mashambani kama mbolea. Kanchipuram wana desturi inayonivutia kuliko zote. Katika hekalu la Varadharaja Perumal, sanamu iliyochongwa kwa mti wa mtini hulazwa chini ya maji ya bwawa na kutolewa mara moja tu kila baada ya miaka 40. Ilitolewa 1979, ikatolewa tena 2019, mamilioni wakaenda kuiona kwa siku 48 kisha ikarudishwa. Huwezi kuitoa bila kulikausha bwawa, na bwawa likikauka tope halina pa kujificha. Sidai kwamba desturi ilibuniwa kwa ajili ya usafi, ila mhandisi asingepanga vizuri zaidi.

Sasa Dodoma. Hapa hunyesha takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, juu ya ardhi iliyoachwa uchi na kiangazi kirefu. Mabwawa ya Hombolo na Ikowa yalijengwa 1957. Miaka ya 1970 mwanzoni, Anders Rapp wa Sweden na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima tope la Ikowa, Matumbulu, Msalato na Imagi, wakaona umri wa malambo kama hayo ni miongo michache. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973. Haki itendeke: bwawa la hekalu hupokea maji ya paa na ua wa mawe, letu hupokea ya vilima, makorongo na njia za ng'ombe. Hata majembe ya Kanchipuram yangeshindwa Ikowa bila kutuliza vilima kwanza.

Tofauti nyingine haihusu udongo. Kule Uthiramerur, si mbali na Kanchipuram, maandishi yaliyochongwa ukutani mwa hekalu yapata mwaka 920 yanaeleza kamati za kijiji, ikiwemo ya bwawa la kumwagilia. Wajumbe walipatikana kwa kura iliyochotwa chunguni. Aliyewahi kushika wadhifa asitoe hesabu hakuruhusiwa kuingizwa tena chunguni, yeye wala ndugu zake. Kifungu hicho cha ndugu ningependa kukisikia kikijadiliwa kwenye mkutano wa kijiji Hombolo, siku ya kuchagua kamati ya maji.