NYUA ZA KUKINGA BARABARA NA THELUJI

Watu wengi wa Kenya wameiona theluji kwa mbali tu, kileleni mwa Mlima Kenya. Lakini katika nchi za baridi theluji huanguka hata mashambani na barabarani, na huko adui mkubwa wa dereva ni theluji iliyokwisha kuanguka, kisha ikapeperushwa na upepo.

Theluji hiyo ni nyepesi kama unga. Upepo huikokota juu ya ardhi tupu kama vumbi la kiangazi, dereva asiweze kuona mbele yake, na barabarani ikajilundika hata magari yakakwama.

Shida hiyo ilionekana sana katika jimbo la Wyoming, Marekani. Mwezi wa Oktoba 1970 sehemu mpya ya Barabara Kuu Namba 80 ilifunguliwa karibu na Elk Mountain, mahali penye upepo mkali mno. Baridi ilipofika, barabara ilifungwa mara kwa mara. Mashine ziliisukuma theluji kando, na upepo ukairudisha. Ndipo mtaalamu mmoja wa Idara ya Misitu, Ronald Tabler, alipochunguza mwendo wa theluji, na mwaka 1971 nyua za mbao zikaanza kujengwa.

Mtu aweza kudhani kuwa ua mzuri ni ule usio na tundu. Sivyo. Ua huo huachwa wazi kadiri ya nusu yake, ili upepo upite kati ya mbao na kupungukiwa na nguvu. Upepo uliopungua nguvu ni kama mchukuzi aliyechoka: huutua mzigo wake. Chini pia huachwa nafasi, ua usije ukafukiwa.

Wala haujengwi ukingoni mwa barabara, kwa maana lundo lingeangukia barabarani. Hujengwa upande utokako upepo, kwa umbali wa mara 35 ya kimo chake. Ua wa futi 12, basi, hukaa futi 420 kutoka barabarani.

Katika jimbo la Minnesota hata mahindi hufanya kazi hiyo. Serikali ya jimbo huwalipa wakulima ili waache mistari kadhaa ya mahindi isimame shambani wakati wote wa baridi. Mabua hayo hayawezi kuikataza theluji isianguke. Lakini huitega shambani, na msafiri akafika kwake salama.