Kwa Nini Viazi Mviringo Havizai Kwetu Mtama

Sote twala chipsi, lakini ni wachache waliojiuliza kwa nini viazi vyake hutoka mbali, Njombe na Mbeya, wala si katika mashamba yetu. Ardhi yetu yazaa mhogo, ufuta na korosho. Kizuizi kikubwa ni joto, hasa joto la usiku.

Asili ya kiazi mviringo ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, penye usiku wa baridi. Majani hutengeneza sukari kwa nguvu za jua, nayo hushuka udongoni ikawa wanga wa kiazi. Usiku wa digrii 15 hivi, kazi hiyo huenda vizuri. Ukizidi digrii 20, kama ulivyo wetu kwa miezi mingi, mmea huimaliza sukari nyingi kwa kupumua, na ishara itokayo majanini ya kuanzisha viazi hudhoofika. Ndipo mkulima huona majani ya kupendeza, lakini akifukua hukuta viazi kama gololi.

Je, mmea waweza kufundishwa kuvumilia? La, lakini waweza kuzalishwa mwingine. Ukipanda kiazi, utapata mmea sawasawa na mama yake. Bali mbegu zitokazo katika ua, kila moja huota mmea wa namna yake. Basi mabingwa huchukua chavua ya aina inayostahimili joto, wakaipaka ua la aina yenye mazao mema, wakapanda maelfu ya mbegu penye joto, na kubakiza michache iliyozaa. Kazi hiyo huchukua miaka kumi au zaidi. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa Lima, Peru, mwaka 1971, huifanya. Aina yake iitwayo Unica, yenye kuvumilia joto kuliko nyingi, imekwisha fika Kenya.

Asiyesadiki na akumbuke mhogo. Tangu miaka ya 1930 mabingwa wa Amani, huko Usambara, waliuchanganya na mti wa mpira ulio nduguye, wakapata mihogo iliyostahimili ugonjwa wa batobato.

Wala haja hii si ya watu wa pwani peke yao. Dunia yazidi kupata joto, na mkulima wa Njombe akilikimbia atapanda mpaka kileleni, kisha hana pa kwenda. Jirani yetu Naliendele, Mtwara, pana kituo cha utafiti wa kilimo. Wenzangu mpendao Baiolojia, kazi yatungoja.