Konokono wa Chini ya Ziwa

Katika Ghuba ya Berkeley, Mto Sio unapoingia Ziwa Victoria na Busia ya Kenya kutazamana na Busia ya Uganda, kichocho cha matumbo hakienei bila konokono wa jamii ya Biomphalaria. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi cha mgonjwa, huanguliwa majini, na viluwiluwi vyake humwingia konokono. Wiki chache baadaye konokono huyo humwaga maelfu ya viluwiluwi wengine, wanaopenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevuta nyavu. Ramani ya konokono basi ni ramani ya hatari, nami nashikilia kwamba haiaminiki ikiwa imechorwa kutoka ukingoni peke yake.

Utaratibu uliozoeleka ni huu: mtaalamu huvaa mabuti marefu ya mpira, huingia kwenye matete na magugumaji, na huchota kwa wavu wenye mpini kwa muda uliopangwa, mara nyingi dakika 30. Konokono, wenye magamba bapa yaliyojiviringa, huwekwa mmoja mmoja katika vikombe vya maji safi mwangani, kisha maji hukaguliwa kwa hadubini ili kuona nani anatoa viluwiluwi. Ni kazi ya maana na gharama yake ni ndogo. Lakini mchotaji huishia maji yanapomfika kiunoni, na konokono hawaishii hapo. B. sudanica ndiye wa matete, ilhali B. choanomphala, mdogo zaidi, huishi kwenye mchanga na tope la maji ya kina. Zamani walihesabiwa kuwa spishi mbili, ila tafiti za vinasaba zimeonyesha udugu wa karibu sana, hata wapo wanaowaona kuwa maumbo mawili ya spishi moja. Kama ni hivyo, anayemwaga sumu ya konokono kwenye matete tu anaacha mbegu chini.

Utaambiwa kwamba watu huambukizwa ukingoni, kwa hiyo kilindi hakina haja. Wengi huambukizwa huko kweli. Lakini ukingo wenyewe unahama: mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango cha rekodi, maji yakaingia makazi ya Budalang'i upande wa Kenya, na mahali palipochotwa kwa miguu pakawa pa kina. Wengine watasema tugawe tu dawa ya praziquantel. Dawa hiyo inaua minyoo waliomo mwilini, na lazima iendelee kutolewa, ila haimzuii mtoto aliyepona asiambukizwe tena akirudi kuoga pale pale.

Pingamizi zito ni la namna ya kufika chini. Katika Ziwa Tanganyika, lenye maji maangavu, watafiti hupiga mbizi na kuhesabu konokono kwenye miamba kwa macho yao. Njia hiyo siipendekezi Busia. Mto Sio huleta tope, mamba na viboko wapo, na mpiga mbizi mwenyewe anaweza kutoka na kichocho anachokipima. Kinachofaa ni chombo cha chuma chenye wavu, kinachokokotwa na mashua kwa umbali ule ule kila mara, kuanzia matete hadi kilindini, huku kina na aina ya sakafu vikiandikwa. Kweli kitawakosa baadhi, hasa penye mawe. Hata hivyo kitaonyesha wapi ni wengi na wapi ni wachache, na hilo ndilo linaloamua sumu imwagwe wapi na choo kijengwe wapi kwanza. Tororo, nchini Uganda, ambako Mto Malaba huelekea Mpologoma na Ziwa Kyoga kupitia mabwawa na mashamba ya mpunga, maji mengi ni ya kina kifupi na wavu wa mpini unatosha. Ghubani hautoshi, na kukokota upande mmoja wa mpaka hakutoshi pia. Sio Port ya Kenya na Majanji ya Uganda zinahitaji chombo cha aina moja, miezi ile ile ya mvua na ya kiangazi, na daftari moja la hesabu litakalosomwa na maofisa wa afya wa pande zote mbili.