Je, Wajua? Kidonge cha B1 na Unga wa Homa Bay

Mtu mzima huhitaji miligramu 1.1 hadi 1.2 tu za thiamini, yaani vitamini B1, kwa siku. Mjamzito takriban 1.4. Tangu 2012 sheria ya Kenya huwataka wasagaji wa unga wa mahindi wa pakiti kuongeza vitamini hii. Unga unaosagwa kwenye kinu cha mtaani, uwe Ndhiwa au kwingineko Homa Bay, kwa kawaida hauongezwi kitu, na mahindi yakikobolewa B1 nyingi huenda na wishwa. Maharagwe na njugu karanga huziba pengo hilo vizuri.

Aliyeandikiwa kidonge akimeze kwa maji. Tanini zilizo katika chai nzito hupunguza B1 inayoufikia mwili. Ziada hutoka kwa mkojo, kwa hiyo kumeza vingi hakuongezi nguvu.

Tafadhali usichanganye B1 na B6! Katika kaunti ya Homa Bay wengi wametumia isoniazidi, dawa ya kutibu na kuzuia TB. Kidonge kinachotolewa pamoja nayo ili kulinda neva ni B6, piridoksini, na B1 haiwezi kushika nafasi yake. Soma jina kwenye pakiti, au muulize mfamasia.

Anayekunywa chang'aa kwa wingi yumo hatarini zaidi, kwani pombe huzuia utumbo kufyonza B1. Akichanganyikiwa, akayumba hata asipokunywa, au macho yakachezacheza, kidonge hakitoshi: apelekwe hospitalini mara moja, huko B1 hutolewa kwa sindano.